Wiski ya mwaka? Mimi nataja nipa

Haya wadau, mwaka unaisha na hosteli nzima inabishania wiski ya mwaka. Huyu Jameson, yule Johnnie Walker, na wengi wao wamenusa kizibo tu! Mimi wa Nambambo, Nachingwea, nauliza: mbona nipa haitajwi?

Kwetu msimu wa korosho mabibo yanakamuliwa, maji yake yakichacha ni uraka. Uraka ukipikwa na mvuke ukapozwa, inadondoka nipa, nyie mnaita gongo. Sheria ya mwaka 1966 inasema kupika bila leseni ni kosa. Sasa mama wa kijijini leseni ataipata wapi? Anapikia porini, akikamatwa mtambo unavunjwa, na mnywaji hajui kilichomo kwenye chupa.

Kule Goa, India, pombe yao ya mabibo inaitwa feni. Inauzwa dukani na lebo yake, na mwaka 2009 jina hilo lilisajiliwa kuwa mali ya Goa.

Sisemi watu wapike holela, pombe mbovu inaua na kupofusha. Ndiyo maana nasema wapeni leseni hao akina mama, pombe ipimwe. Halafu ndo tubishane ipi kali. Au nyie mnaonaje?