Wagenia si wageni

Sisi wa Kabondo tuko na neno, na tutalisema bila kuficha. Mgeni akifika Kisangani, awe ametoka Ulaya au Kinshasa, tunamshika mkono mpaka Wagenia. Tukifika pale tunamwambia nini? «Hapa njo Stanley Falls!» Kana kwamba mto haukuwa na jina wala watu mpaka Stanley alipopita mwaka 1877.

Alipofika, Waenya, hawa tunaowaita Wagenia, walikuwa hapo tayari na mitumbwi yao, wakivua. Mji wetu uliacha kuitwa Stanleyville mwaka 1966, lakini midomo yetu bado. Maporomoko ni Boyoma. Yako saba, kuanzia upande wa Ubundu, na hili la Wagenia ni la mwisho.

Wengine watatujibu: «Muzungu anataka Stanley, mumupatie Stanley. Utalii njo feza.» Sisi tunasema hapana. Zile nguzo juu ya maji hazikusimamishwa kwa ajili ya picha. Watu walizifunga kwa kamba za mwitu, mahali ambapo ukiteleza umekwisha, wakatundika vikapu vikubwa vya kunasa samaki. Maji yakizibomoa, wanajenga tena. Hiyo ni kazi, ni elimu waliyoachiwa na baba zao. Sasa mgeni anarudi kwao na picha mia, lakini jina la mvuvi hata mmoja hana.

Wala historia yetu haikuishia kwa Stanley. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana hapa siku sita, mabomu yakaua wenyeji majumbani mwao. Tunampitisha mgeni katika barabara zilezile, nasi kimya!

Lawama tusiwatupie wageni. Ni sisi tunaoeleza vibaya, na watoto wetu wanasikia. Basi tufanye hivi: tukienda Wagenia, tuanze kwa kuwasalimu wazee na kuomba ruhusa. Mvuvi aeleze kazi yake mwenyewe, kwa kinywa chake, na alipwe. Samaki tumnunue kwake. Stanley atajwe baadaye, kama mpita njia.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja. Mwenyeji ataponaje, ikiwa hata jina lake hatulitaji?