SAFU YA WAZAZI: Michezo ya Video ya Kucheza Peke Yako, Ipi Iingie Nyumbani?



Mwezi uliopita zilitufikia barua mbili zinazogongana. Mama mmoja wa Mayfair anasikitika kwamba mwanawe wa miaka 12 hucheza michezo ya video peke yake, saa nzima hasemi na mtu, naye anauliza kama hiyo si dalili ya upweke. Baba mmoja wa Lenasia analalamika kinyume chake: kijana wake hachezi ila na watu, tena watu asiowajua, vifaa masikioni hadi usiku wa manane, na matusi yanayotoka humo hayajapata kusikika katika nyumba ile. Laiti wazazi hawa wawili wangekutana pale Oriental Plaza, kila mmoja angemwonea wivu mwenzake.

Rai yangu naitoa mapema ili msomaji asichoke kuingoja. Ikiwa mchezo wa video lazima uwemo nyumbani, basi ule wa mtu mmoja, wenye hadithi, yenye mwanzo na mwisho, ndio ulio bora. Mama wa Mayfair na apunguze hofu. Sisi wenyewe, tulioshika simu za Nokia tukingoja daladala Kariakoo, tulikuwa tukicheza mchezo wa mtu mmoja, yule nyoka aliyetiwa katika simu ya 6110 mwaka 1997, na hakuna aliyetuita wapweke. Tulikuwa tunapoteza wakati tu.

Sababu ya kwanza ni ndogo kwa umbo lakini kwangu ni kubwa. Mchezo wa peke yako husimama ukiusimamisha. Adhana ya magharibi ikilia, mtoto hubonyeza kitufe, akaenda kutawadha, akarudi akaukuta pale pale alipouacha. Mchezo wa mtandaoni hausimami. Mtoto aliyemo ndani yake hujibu, "Mama, siwezi, wenzangu wananingoja," naye hasemi uongo, ndivyo ulivyoundwa. Mzazi asiyeijua tofauti hii humwadhibu mtoto kwa kosa ambalo nusu yake ni la mtengenezaji.

Sababu ya pili ni fedha, na ndani ya fedha mna jambo la dini. Michezo mingi ya mtandaoni hutolewa bure, kisha humuuzia mtoto visanduku vilivyofungwa, asijue kilichomo mpaka amekwisha kulipa. Mwaka 2018 tume ya kusimamia kamari ya Ubelgiji ilitamka kwamba visanduku vya namna hiyo, katika michezo kadhaa iliyochunguzwa, ni kamari kwa mujibu wa sheria ya nchi ile. Wabelgiji hawakuhitaji kufungua kitabu cha fiqhi kulitambua hilo. Basi sisi tunaokiita kitu hicho maisir tusiwe wa mwisho kukiona. Mchezo wenye hadithi kwa kawaida hununuliwa mara moja tu, na mingi, ikiisha kuingizwa, haidai intaneti. Kwa wakazi wa mji huu, ambako vifurushi ni ghali, hiyo si faida ya kupuuzwa.

Sasa nije kwenye mchezo ulionifanya niishike kalamu mwezi huu. Jina lake ni Tales of Kenzera: Zau, nao ulitoka Aprili 2024. Aliyeubuni ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule yule aliyeitoa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Alifiwa na baba yake, ambaye ndiye aliyemjulisha michezo ya video alipokuwa mdogo, na kutokana na msiba huo akaunda mchezo mzima. Mwaka 2025 ulipewa tuzo ya BAFTA, katika fungu la michezo inayovuka mpaka wa burudani.

Hadithi yake ni hii. Kijana Zuberi amefiwa na baba, naye baba amemwachia hadithi aliyoiandika. Ndani ya hadithi hiyo yumo Zau, mganga kijana, ambaye naye amefiwa. Zau anamwita Kalunga, aliye bwana wa mauti, na kufanya naye mapatano: nitakuletea roho kuu tatu zilizokataa kwenda kwako, nawe unirudishie baba yangu. Kazi yote ya mchezaji ni kuruka, kukwea na kupigana katika nchi ya Kenzera ili kuzipata roho hizo. Mmoja wa hao watatu ni Impundulu, ndege wa radi, ambaye watoto wetu wanaosoma pamoja na Waxhosa na Wazulu huenda wakamjua kuliko tunavyomjua sisi.

Jambo la kutuhusu zaidi ni kwamba mchezo huu unasema Kiswahili. Haukuishia kwenye maandishi ya chini ya picha. Sauti zenyewe zimo. Katika mipangilio ya lugha mtoto atakikuta Kiswahili, akichague, na wahusika wamsemeshe kwa lugha ya bibi yake. Wazazi wa Johannesburg wanajua thamani ya jambo hili. Mtoto huondoka nyumbani asubuhi akiwa Mswahili, mchana shuleni ni Kiingereza, uwanjani ni Kizulu, na jioni ukimsemesha hukujibu kwa lugha iliyo karibu na ulimi. Tumewahimiza kwa maneno, tumewahimiza kwa fimbo, nacho kitabu cha hadithi cha Kiswahili kukipata hapa ni kazi. Mimi sioni haya kusema kwamba ikiwa lugha itaingia kwa mlango wa gemu, acha iingie.

Lakini hapa ndipo penye mushkeli, na sitaupita kimya kimya. Mganga, vinyago, mizimu, na kiumbe anayeitwa bwana wa mauti: je, yanafaa katika nyumba ya Kiislamu? Walioniuliza ni wengi kuliko barua zilizonifikia. Mimi si mufti, na mwenye kutaka hukumu amwendee sheikh wake, amweleze mchezo wenyewe ulivyo, asimtajie jina tu. Ninachoweza kutoa ni rai ya mzazi. Wazee wetu wa Pwani walitusimulia hadithi za majini, za mashetani wa mibuyu na za wafalme waliogeuzwa ndege, nao walikuwa watu wa sala tano. Walijua kusema, "Hii ni hadithi." Tatizo hutokea pale ambapo hakuna mtu mzima chumbani wa kuyasema maneno hayo matatu. Kwa hiyo nyumbani kwangu mchezo huu haukuchezwa mlango ukiwa umefungwa. Ulichezwa sebuleni, na mambo mawili yalisemwa kabla ya kuanza: kwamba Kalunga ni jina katika imani za kale za Wabantu, Wakongo wakilitumia kwa mpaka ulio kati ya walio hai na wafu, na kwamba mauti kwetu sisi yana Mwenyewe. Baada ya hapo watoto walicheza, wala sikuona aliyechanganyikiwa. Mwenye mtoto wa miaka sita au saba asubiri kwanza.

Na yule atakayeufuata mchezo hadi mwisho ataona kwamba mapatano ya Zau hayampeleki alikotaka. Anachojifunza njiani ni kuukubali msiba, si kuubatilisha, na Kalunga mwenyewe anatembea naye kama mzee amwongozaye kijana. Naitaja habari hii kwa makusudi, ingawa wengine watanilaumu kwa kuufichua mwisho. Watoto wetu wengi hapa wamefiwa kwa simu. Babu amefariki Tanga, ama Bukavu, ama Lamu. Simu imelia usiku, mama amelia jikoni, matanga yamefanyika katika ukumbi wa kukodi, na asubuhi mtoto amepelekwa shule kana kwamba hakuna kilichotokea. Kaburi hakuliona. Mwenye karatasi za kuomba hifadhi hawezi kwenda kuzika akarudi. Mtoto wa namna hiyo ana maswali asiyoyauliza, na nimeona kwa macho yangu kijana aliyekaa kimya miezi mingi akauliza swali la kwanza kuhusu babu yake huku pedi ikiwa mkononi. Sidai kwamba mchezo ni tiba. Nasema ulifungua mdomo.

Kwa upande wa uchezaji wenyewe, nisiusifu kupita kiasi. Mapigano yake hujirudia, na mahali pa kukimbizwa patamkera mtoto asiye na subira, kwani ukikosea kidogo unaanza tena. Si mrefu, nami hilo nalihesabu kuwa sifa.

Wa pili ninaoupendekeza umezaliwa hapa hapa Johannesburg. Kuna kampuni iitwayo Nyamakop, jina ambalo Mswahili akilisikia hudhani ni bucha, iliyoanzishwa na Ben Myres na Cukia Kimani, waliosoma Chuo Kikuu cha Wits. Mwaka 2018 walitoa mchezo uitwao Semblance, nao ulitajwa kuwa mchezo wa kwanza uliobuniwa Afrika kuingia katika mashine ya Nintendo. Hauna damu wala bunduki. Ardhi yake ni laini kama unga uliokandwa. Mchezaji huisukuma, huiinua, huibonyeza, ili apate njia ya kupita. Mtoto wa miaka minane anauweza, na baba yake atakwama mapema zaidi. Kampuni hiyo hiyo mwaka 2025 ilitangaza mwingine, Relooted, ambamo Waafrika wa zama zijazo, makao yao yakiwa mji huu huu, wanavirudisha vitu vya Afrika vilivyomo katika makumbusho za nchi za Magharibi. Vitu vinavyotajwa humo ni vitu vya kweli, na hakuna kuua. Mtoto akikuuliza kama kukichukua ulichoibiwa ni wizi, umepata darsa la jioni nzima. Mwongezee na habari ya kwetu: Ngadji, ngoma tukufu ya Wapokomo wa Mto Tana, waliyonyang'anywa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na ambayo iliishia katika ghala la Makumbusho ya Uingereza, London.

Nimeulizwa pia juu ya Assassin's Creed Mirage ya mwaka 2023, kwa kuwa inaonyesha Baghdad ya karne ya 9, zama za Bani Abbas, pamoja na Mji wa Duara ulioanzishwa na Khalifa al-Mansur mwaka 762. Mji umejengwa vizuri mno. Masoko yamo, misikiti imo, Bayt al-Hikma imo, na unaweza kuucheza wote kwa sauti za Kiarabu. Humo mna pia kurasa za historia ya mji huo, zenye picha za vitu vya makumbusho. Hata hivyo, shujaa wake ni muuaji wa kisu, na Ulaya umewekewa alama ya miaka 18. Kijana mkubwa, naam, tena na mzazi awepo. Mdogo, hapana, hata akiapa kwamba anataka kujifunza historia. Huyo mdogo mpeni Discovery Tour ya Assassin's Creed Origins, iliyotolewa mwaka 2018, ambayo ni kutembea tu katika Misri ya kale na kusikiliza maelezo, bila mapigano yoyote.

Wapo wanaopenda kutaja Nairobi X ya Andrew Kaggia, iliyotoka mwaka 2015, ambamo Nairobi inavamiwa na viumbe wa angani. Ni ya kihistoria kwa Kenya, lakini ni risasi mwanzo hadi mwisho, nami siipendekezi kwa nyumba yenye watoto.

Alama za umri zisomwe. Hapa nchini bodi ya filamu na machapisho, FPB, huanzia herufi A kwa watu wote, kisha PG, 7-9PG, 10-12PG, 13, 16 na 18. Pembeni yake huwa na herufi: V ni mapigano, L ni matusi, S ni mambo ya zinaa, N ni utupu, D ni dawa za kulevya, H ni ya kutisha. Mzazi asiyesoma Kiingereza anaweza kuzikariri herufi hizi sita kwa dakika moja, na muuza duka hatamdanganya tena. Kwa maoni yangu S na N hazina mjadala. V hutegemea umri na aina ya mapigano.

Kuna habari moja ya mwisho, ambayo si pendekezo la kununua. Lual Mayen, kijana mwenye asili ya Sudan Kusini, alikulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipomwambia mama yake kwamba anataka kompyuta, mama huyo alidunduliza miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kuinunua. Kambini hapakuwa na umeme. Kijana alitembea saa tatu kwenda kuichaji, na saa tatu kurudi. Kwa kompyuta hiyo alijifundisha, akaunda mchezo alioupa jina Salaam, wa mtu anayekimbia vita kutafuta amani, kisha akahamia Marekani na kufungua kampuni yake. Baba wa Lenasia, ambaye barua yake ilimalizia kwa kuuliza kama mashine ile aivunje kwa nyundo, amsomee kijana wake aya hii kabla ya kuitafuta nyundo.

Mwezi ujao, inshallah, tutachapisha majina ya michezo ambayo watoto wa wasomaji wetu wameimaliza. Andikeni jina la mchezo, umri wa mtoto, na neno moja la mzazi aliyeketi naye. Barua zisizo na neno la mzazi hazitachapishwa.

Wabillahi tawfiq.