Mzigo wa Isongole na lugha ya kompyuta

Lami ya Mpemba hadi Isongole, takriban kilomita 50, imewapunguzia adha wenye mahindi, maharage na kahawa wilayani Ileje. Lakini mzigo wa kwenda Chitipa, Malawi, bado unaweza kukwamishwa na maandishi.

TRA inatumia mfumo wa forodha wa TANCIS tangu 2014. Malawi inatumia ASYCUDA World. Ni programu mbili zilizotengenezwa na watu tofauti. Ili programu za namna hiyo zipashane habari, lazima pawepo muundo wa pamoja, na unaotumika sana ni XML.

XML si dude la kutisha. Ni kama ghala ambalo kila gunia limeshonewa lebo: hapa uzito, hapa aina ya zao, hapa jina la mwenye mali. Namba za forodha nazo ni zile zile pande zote: maharage 0713, mahindi 1005, mchele 1006. Hata cheti cha afya ya mimea cha kielektroniki kina muundo wake wa XML, chini ya mkataba wa kimataifa wa IPPC.

Hata hivyo, lebo haipimi gunia. Wakala akiandika tani 30 badala ya 3, kompyuta itapeleka kosa hilo upesi kuliko karatasi, na nyanya zitaozea kwenye gari wakati likirekebishwa. Kwa hiyo kabla hajatuma, mwambie akusomee alichojaza: namba ya zao, uzito kwa kilo, na jina lako kama lilivyo kwenye TIN.