Haki ya Msafiri na Pochi ya Simu

Imezuka siku hizi fikira moja inayostahili kupingwa mapema, kabla haijaota mizizi ikawa desturi. Fikira hiyo yasema kwamba msafiri wa ndege asiye na simujanja, au ambaye simu yake imeishiwa chaji, ni msafiri asiyekamilika. Na kwamba shirika la ndege halina wajibu wa kumpa kipande cha karatasi cha kuonyesha kuwa amelipa nauli na kupewa kiti. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fikira hiyo haina msingi katika ufundi, wala katika sheria, wala katika uadilifu.

Kwanza na tuitendee haki pochi yenyewe. Pochi ya simu ni programu ambamo mtu huweka kadi zake za benki, tikiti zake, na pasi zake za kupandia ndege. Kampuni ya Apple ilitoa ya kwake mwaka 2012 kwa jina la Passbook, ikaigeuza jina kuwa Wallet mwaka 2015. Google nayo inayo ya kwake. Pasi ikiisha kuwekwa humo, hubaki ndani ya simu hata pasipokuwa na mtandao. Mtandao ukiwapo, shirika laweza kuirekebisha pasi hiyo lango linapobadilishwa au saa ya kuondoka inapoahirishwa. Hizi ni fadhila za kweli, na mwenye kuzikana hajitendei haki mwenyewe. Ugomvi wetu si na pochi. Ni na sharti.

Na sharti limekwisha kuwekwa. Ryanair, shirika la Ireland, lilichukua abiria milioni 200 katika mwaka wake wa hesabu uliokwisha Machi 2025. Tarehe 12 Novemba 2025 shirika hilo liliacha kupokea pasi ambazo abiria walizoea kujichapia nyumbani, likaagiza pasi zionyeshwe katika programu yake yenyewe ya simu. Hoja za kutetea hatua hiyo zilikuwa tatu. Ya kwanza, kwamba karibu abiria 80 katika kila 100 walikuwa tayari wakitumia simu. Ya pili, kwamba karatasi itaokolewa. Ya tatu, kwamba mtu ambaye simu yake imezimika atapewa pasi bure kiwanjani, maadamu alikwisha kujiandikisha mtandaoni. Hoja hizi si za kipuuzi, nasi hatutazijibu kwa kejeli. Lakini kabla ya kuzijibu yatupasa kujua pasi ni kitu gani.

Kiini cha pasi ni msimbopau, yaani umbo la mistari au madoadoa lisomwalo kwa mashine. Ndani yake mna jina la msafiri, alama za agizo lake la safari, kiwanja cha kuondokea na cha kufikia, shirika, nambari ya safari, siku, daraja na kiti. Mashirika, kwa njia ya chama chao cha IATA, yalikubaliana juu ya mpango mmoja wa kupanga habari hizo, ili msimbo uliotolewa katika nchi moja usomeke katika nchi nyingine. Kwa mpango huo, umbo la karatasini na umbo la kwenye kioo cha simu huweza kutofautiana, lakini habari ni zile zile. Mashine ya langoni haina upendeleo baina ya karatasi na kioo. Husoma habari, kisha habari hizo hulinganishwa na orodha ya abiria iliyomo katika kompyuta ya shirika.

Hapo ndipo haki ya msafiri ilipo: katika nauli aliyolipa, katika orodha yenye jina lake, na katika pasipoti inayothibitisha kuwa yeye ndiye. Pasi ni ufunguo tu wa kufungulia orodha hiyo. Basi akiambiwa mtu kwamba karatasi yake haifai, hakuambiwa neno la ufundi. Ameambiwa neno la amri. Tena ile hoja ya tatu yenyewe yalishuhudia jambo hili. Ikiwa shirika laweza kumchapia pasi yule ambaye simu yake imezimika, basi karatasi ingali yawezekana, mashine ingali yaisoma, na mtumishi wa kuitoa angalipo. Kilichoondolewa ni haki ya kuidai. Kilichobaki ni hisani. Na hisani aitoaye ndiye aipimaye, na ndiye awezaye kuikomesha asubuhi yoyote.

Pengine atatokea msomaji mwenye akili akasema: ikiwa haki imo orodhani, basi karatasi nayo haina maana, kwa nini kuililia? Twamjibu kwa maneno ya wahenga: mali bila daftari hupotea bila habari. Orodha ni daftari la shirika. Msafiri naye anahitaji daftari lake, ambalo mwenzake katika mkataba hawezi kulifikia na kulifuta. Ile fadhila tuliyoisifu, ya pasi kurekebishwa kutoka mbali, hapa yageuka kuwa hatari. Saa mpya ikiingia, ya zamani huondoka; kiti kipya kikiandikwa, cha kwanza hakionekani tena. Mizozo ya usafiri kwa kawaida huwa juu ya mambo hayo hayo: niliahidiwa saa ngapi, nilipewa kiti gani. Sheria ya Umoja wa Ulaya nambari 261 ya mwaka 2004 iliweka fidia ya kuanzia euro 250 hadi euro 600 kwa msafiri aliyenyimwa nafasi au aliyefutiwa safari katika hali zilizotajwa humo. Anayedai fidia ya namna hiyo ataulizwa ushahidi. Si busara ushahidi wote uwe katika mikono ya mdaiwa.

Sheria ya mataifa nayo haikulisahau jambo hili. Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929 uliwataka wachukuzi kumkabidhi msafiri tikiti. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania zimo miongoni mwa nchi zilizoufuata, uliruhusu njia nyingine ya kuhifadhi habari za safari badala ya hati, lakini kwa sharti kwamba mchukuzi ajitolee kumpa msafiri maelezo ya maandishi ya habari hizo. Ni kweli kwamba mkataba huo wazungumza juu ya hati ya safari, wala haukuitaja pasi ya langoni. Hatutaki kuulazimisha kusema ambalo haukulisema. Lakini roho yake ni dhahiri: chombo kipya kikija, kisimwache msafiri mikono mitupu.

Sasa tuzirudie zile hoja mbili zilizobaki. Wasema wengi wanazo simu. Ishirini katika mia ya abiria milioni 200 ni milioni 40. Hata tukikumbuka kwamba mtu mmoja huhesabiwa kila asafiripo, hilo si kundi la kusahauliwa. Humo mna wazee ambao macho yao hayaoni vema herufi ndogo, mna walioibiwa simu safarini, na mna wasiotaka kuweka maisha yao yote katika chombo kimoja. Haki haigawiwi kwa kura, wala wingi wa wenye viatu si sababu ya kuweka miba njiani.

Wasema tena karatasi itaokolewa. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini betri nyingi za simu hutengenezwa kwa madini ya kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka kusini mwa Kongo, katika nchi ya Katanga ambako Kiswahili husemwa migodini na sokoni. Mwenye kuhesabu miti aliyoiokoa, na ahesabu pia mashimo. Asiyefanya hesabu zote mbili anatafuta akiba yake mwenyewe, akiivika vazi la mazingira.

Wala asituambie mtu kwamba kupinga sharti hili ni kupinga maendeleo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafanya kazi katika simu ya bei ndogo kabisa. Mtu alipewa ujumbe mfupi wa maandishi kuwa stakabadhi, na wakala aliketi kibandani kumsaidia asiyejua. Ile nayo ilikuwa pochi ya simu, lakini iliteremka hadi alipo mtu, haikumtaka mtu apande hadi ilipo yenyewe. Maendeleo hayo ndiyo tuyatakayo.

Huku kwetu pasi za karatasi zingali zikitolewa kaunta, na kwa hiyo wakati wa kusema ni huu. Mamlaka za usafiri wa anga ziandike kanuni tatu: kwamba kila msafiri aliyelipa nauli apewe pasi ya karatasi aiombapo, bila malipo wala kuulizwa sababu, kwamba aliyemo orodhani na mwenye pasipoti yake asizuiwe langoni kwa ajili ya simu tu, na kwamba kila badiliko la saa au kiti limwachie msafiri kumbukumbu ya lile lililotangulia. Apendaye pochi na aitumie kwa raha yake. Asiyeitaka, au asiyenayo, asitozwe, asicheleweshwe, wala asiombe samahani.