Msiri: Mfanyabiashara wa Bunkeya na Uzushi Uliomzunguka

Foleni ya malori ikirefuka pale Mokambo, mpakani mwa Kongo na Zambia, hadithi za Msiri hazikawii kuanza. Nyingi hazisimami.

Ati alikuwa mvamizi tu. Alitoka Unyamwezi, ni kweli, lakini baba yake, Kalasa, alikwisha kuja Katanga kutafuta shaba. Mwana akafuata njia ileile mnamo 1856. Bunduki zake ziliwafaa wenyeji katika vita vyao. Akageuka kutoka mgeni mwenye mali hadi mtawala wa ufalme wa Garenganze.

Ati shaba tulifundishwa na Wazungu. Misalaba ya shaba ilikuwa fedha hapa karne nyingi kabla yao. Hata Msiri hakuianzisha.

Dai linalopendwa zaidi ni kwamba msafara wa Kapteni Stairs ulimwua ili kukomesha utumwa. Watumwa Msiri aliwauza, na pembe za ndovu pia, upande wa Zanzibar na upande wa Benguela, pwani ya Angola, akaleta bunduki na baruti. Hilo halina utetezi. Lakini tazama wageni wake walivyofuatana: Alfred Sharpe alikuja mwaka 1890 na mkataba wa Waingereza, akakataliwa. Mwaka 1891 akaja Le Marinel, akaja Delcommune, kisha Stairs, wote kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Walichodai ni apandishe bendera yake. Stairs aliipandisha bila idhini, Msiri akaondoka, na tarehe 20 Desemba Kapteni Bodson wa msafara huo akampiga risasi. Bodson naye akauawa. Mtu aliyezoea kupatana bei na wageni wa pande zote mbili za bara aliletewa mkataba usio na bei.

Basi ndiye baba wa Wakatanga wote? Waulizeni Wasanga, wenyeji aliowatawala. Mwaka ule wa 1891 walikuwa wamemwasi, na hawakuchochewa na Mzungu. Walichoshwa na kodi na ukatili wake.

Na lile la Mokambo lenyewe: kwamba angemkubali Sharpe, leo tusingepanga foleni mpakani. Huenda. Ila Leopold alikwisha kujiandikia Katanga kwenye ramani mwaka 1885, na mstari unaopita hapa ulikubaliwa na yeye pamoja na Uingereza mwezi Mei 1894. Msiri alikuwa kaburini zaidi ya miaka miwili.