Mawe ya Mwanza

Katika kurasa zetu za Kiswahili nataka kujibu neno linalosemwa bwenini tangu turudi Mwanza, kwamba fedha za safari ile zilipotea bure, maana "mawe ni mawe."

Wasemao hivyo wamebandika juu ya vitanda vyao picha za magenge ya Mediterania zilizokatwa katika kalenda. Sina ugomvi na picha hizo. Lakini sisi wa Luzira twaamka kila siku kando ya Ziwa Viktoria, twaona meli za mizigo pale Port Bell, wala hatuulizi ng'ambo kuna nini. Tulikwenda kwa basi, tukapita Mutukula na Biharamulo, tukavuka daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Migongo iliuma, nakubali.

Ndipo tukaliona Jiwe la Bismarck, lililopewa jina la Kansela wa Ujerumani, limesimama majini na jingine juu yake kama linalotaka kuanguka. Hakuna aliyelipandisha. Mawe yale ni matale, yaliyopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Uzito wa ardhi ya juu yake ulipopungua yakapasuka, maji yakaingia katika nyufa na kuozesha pembe zake, kisha mvua ikachukua udongo, yakabaki mawe ya mviringo yamepangana. Somo hili nilisoma darasani mara mbili nisilielewe. Pale nililielewa kwa dakika tano.

Sasa niseme la aibu. Nilikuwa na msumari mfukoni. Pwani, mbali kidogo na wenzangu, nilianza kuandika jina langu juu ya jabali. Msumari ukapinda kabla ya herufi ya kwanza kwisha. Mwenzangu akatoa kopo la rangi. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu akatuuliza kwa upole, "Wajukuu zangu, kwenu Luzira hamna kuta?" Kopo likarudi mfukoni upesi sana.

Kwa hiyo siungi mkono wale wanaotaka mwakani twende shule nzima. Hata huko kwenye kalenda wamejifunza: ghuba ya Sugiton, karibu na Marseille, tangu mwaka 2022 hupokea watu 400 tu kwa siku wakati wa msongamano wa majira ya joto, nao sharti waombe nafasi kwanza, kwa kuwa miguu ya wageni ilikuwa ikimomonyoa udongo na kuacha mizizi ya misonobari wazi.

Twende ishirini, pamoja na mwalimu wa Jiografia, na mifuko ikaguliwe kabla ya kupanda basi, wangu ukiwa wa kwanza. Tulale siku mbili, tufike na kisiwa cha Saanane, ambacho safari hii tulikitazama kwa mbali tu kwa kukosa nauli ya mashua. Wanafunzi wa zamani wakitusaidia nauli hiyo, tutashukuru.