Usihesabu Masaa Uliyofungua Duka, Hesabu Masaa Yaliyouza

Kuna sifa tunapenda kuwapa wenye biashara ndogo: "Huyo mama ni mchapa kazi, duka lake halifungwi." Anafungua saa kumi na moja na nusu alfajiri, anafunga saa nne usiku, hata Jumapili. Kwa maoni yangu, sifa hii inawaumiza wengi. Kukaa dukani na kufanya biashara ni vitu viwili tofauti.

Hebu tupige hesabu. Hayo ni masaa 16 na nusu kwa siku. Tuseme yanakuletea faida ya shilingi 1,320. Ukigawanya, unapata shilingi 80 kwa saa. Sasa tuseme kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi jioni wateja ni wa kuhesabu, na faida ya masaa hayo manne yote ni shilingi 70. Umekaa pale kwa chini ya shilingi 18 kwa saa. Ukiyaondoa, unabaki na shilingi 1,250 kwa masaa 12 na nusu, yaani shilingi 100 kwa saa.

Najua utaniambia shilingi 70 ni mboga ya jioni. Ni kweli. Lakini masaa manne pia yana bei. Ndiyo masaa ya kutafuta stoki kwa bei nafuu, kufuatilia wenye madeni, kupanga hesabu, au kupumzika ili jioni uhudumie watu bila hasira.

Utajuaje masaa yako ni yapi? Jibu liko kwa simu yako. Kila malipo yanayoingia kwa nambari yako ya till huja na tarehe na saa. Wengi huangalia kiasi tu, saa hawana habari nayo. Chukua taarifa ya malipo ya wiki nne, igawanye siku kwa vipande vya masaa mawili mawili, kisha ujumlishe kila kipande. Usichanganyikiwe na saa zilizoandikwa hapo: 18:42 ni saa kumi na mbili na dakika 42 jioni. Kwa wanaolipa pesa taslimu, weka daftari kaunta na uandike kiasi na saa, angalau kwa wiki moja. Kumbuka tu kwamba taarifa inaonyesha mauzo, siyo faida.

Usikimbilie kufunga, lakini. Mzazi anayekuja saa nane kununua maziwa ya mtoto, akikuta umefunga mara mbili, atazoea duka la jirani. Jaribu kwa wiki mbili kwanza, na ubandike masaa yako mlangoni. Au mwache mtu mwingine akae masaa hayo wewe ukifanya mengine.

Hapo kwa msaidizi ndipo wengi hukwama. Umeenda sokoni, simu inalia kila dakika tano: "Boss, hii pesa imeingia?" Mteja anasubiri, wewe umesimama katikati ya Marikiti ukitafuta ujumbe. Kuna huduma za till zinazoruhusu msaidizi kupata ujumbe wa malipo kwa simu yake bila kuweza kutoa pesa. Uliza kama yako inaruhusu. Ila nambari ya siri ibaki yako peke yako, na msaidizi asikubali kuonyeshwa ujumbe kwa simu ya mteja kama ushahidi. Ujumbe wa kweli ni ule unaofika upande wako.

Safari za sokoni nazo zihesabu. Nyanya na sukuma haziwezi kungoja, lakini sabuni, sukari na unga haziozi. Hizo zinunue mara moja kwa wiki, au umpigie mwenye jumla simu, ulipe kwa simu, boda boda akuletee. Kwanza linganisha nauli yake na yako, ukijumlisha masaa utakayookoa.

Na hesabu zisingoje mwisho wa mwezi. Ukiuza shilingi 2,740 kila siku kwa mwaka mzima, umepita milioni moja, na hapo kodi ya mauzo ya asilimia 3 inaweza kukuhusu. Ripoti yake hutakiwa kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Anayeandika dakika kumi kila jioni hapotezi siku mbili akitafuta risiti.

Pesa ikipotea, tunalia. Saa ikipotea, tunaita bidii. Wiki hii fungua taarifa yako ya malipo na usome ule upande wa saa. Ukipata masaa mawili tu yasiyokulipa, amua utayafanyia nini kabla Jumatatu haijafika.